Mzigo wa Kujipimia

Mwingereza Richard Burton alipita nchi hii kati ya 1857 na 1859, akitoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika. Kitabu chake kilitoka 1860. Kimejaa dharau, ukurasa hata ukurasa, lakini ndani yake kuna jambo moja kuhusu Wanyamwezi ambalo tangu nilijue halijanitoka kichwani. Anaeleza kwamba watoto wa Kinyamwezi, wa miaka sita au saba hivi, walikuwa wakijitwika mabegani vipande vidogo vya pembe za ndovu. Kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na hamu ya kazi hiyo waliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Burton, kwa ule ustaarabu wake, akawafananisha na watoto wa mbwa wa kuwindia.

Mfano huo tumwachie mwenyewe. Sisi tumtazame mtoto. Ana pembe begani, kubwa kiasi cha kumlemea kidogo tu. Hakuna tajiri anayeisubiri. Namwona akizunguka nayo uani, anaihamisha kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, anaitua, anapumua, anajitwika tena. Ninyi wenzangu wa mjini mnaolipa kila mwezi ili mkanyanyue vyuma, kitu hicho mnakijua kwa jina: ni mazoezi ya uzito. Hayakuja na meli.

Nimemleta mtoto huyo mbele kwa sababu hapa kwetu Lupiro tunatengeneza vyuma vya kuvaa. Kwa asiyejua, ipo fulana nzito, nyingine huiita kizibao, yenye mfuko mpana kifuani na mwingine mgongoni. Ndani ya mifuko hiyo hutiwa sahani za chuma, halafu mtu anakimbia, anapiga pushapu au anajivuta kwenye bomba akiwa amebeba kilo tano, kumi au zaidi. Fulana ya dukani bei yake haisemeki, basi sahani tunajitengenezea. Mzee mmoja wa jirani alitutazama jioni kadhaa tukipanda na kushuka barabarani na mizigo yetu, mpaka akashindwa kuvumilia. Akauliza, "Hivi wajukuu zangu, mzigo usiokuwa na mwenyewe mnaubeba wa nini?"

Tulicheka wote, na yeye akiwemo. Lakini lile swali si la kuchekewa, maana katika bonde hili mzigo karibu siku zote umekuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo mara chache amekuwa ndiye aliyeubeba. Ndiyo historia ninayotaka kuisimulia: historia ya uzito mwilini mwa watu wa huku, na ya mkono ulioshika mizani.

Tuanze na hesabu. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa na vipimo vyake vinavyoeleweka. Ratili ilikuwa kama pauni moja, na ratili 35 hivi zilifanya frasila, yaani karibu kilo 16 za leo. Mzigo kamili wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, pauni 70, kama kilo 32. Stanley alipofunga majora yake ya nguo Bagamoyo mwaka 1871, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alifuata kipimo hichohicho, kwani asingepata mtu wa kubeba zaidi. Hapo pana jambo. Kipimo kile kilikuwa cha tajiri na cha mpagazi pia. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu alichotoa mwaka 2006 kuhusu wapagazi hawa, anawaonyesha kuwa wafanyakazi wenye fani: walipatana ujira kabla ya safari, waligoma, na msafara ukiwaonea waliutoroka. Wanyamwezi walijivunia bega lao. Yule mtoto wa pembe ndogo alikuwa akijiandaa kwa kazi yenye heshima na yenye mapatano.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa matamu. Njia zilezile zilipitisha watumwa, na pembe nyingi zilifika pwani juu ya mabega ya watu ambao hawakupatana lolote na mtu yeyote. Nasema tu kwamba palikuwapo, kwa muda na kwa baadhi, mzigo ambao mbebaji aliujua uzito wake na angeweza kuukataa.

Huku kusini misafara ilipita pia. Mwaka 1879 Joseph Thomson alipita nchi ya Mahenge akielekea Ziwa Nyasa. Alikuwa na miaka 21 tu. Mkubwa wake, Keith Johnston, alikuwa amefariki njiani, Behobeho, mwezi Juni. Kijana wa miaka 21 mgeni kabisa angefika wapi peke yake? Aliyeujua msafara ni Chuma, yuleyule aliyekuwa na Susi na wenzao walipobeba maiti ya Livingstone kutoka ndani ya bara hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Mzigo ule haukupimwa kwa frasila. Na mimi nikisoma habari za wavumbuzi huwa natafuta kwanza jina la Chuma, kama vile mtu anayetafuta jina la kijiji chake kwenye ramani.

Sasa fulana yenyewe. Hii ya mazoezi ni mtoto wa fulana ya vita. Askari wa siku hizi huvaa kizibao chenye sahani ngumu mbele na nyuma ili risasi isipite, na kwa kuwa anapigana akiwa amekivaa, hufanya na mazoezi akiwa amekivaa. Wamarekani wana zoezi moja mashuhuri lenye jina la Michael Murphy, ofisa wao wa jeshi la majini aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005: maili moja ya kukimbia, kujivuta mara 100, pushapu 200, kuchuchumaa mara 300, kisha maili nyingine, yote ndani ya fulana ya pauni 20. Hiyo ni kilo tisa na kidogo. Fikra yenyewe ni kongwe. Warumi walikuwa wakiwafundisha askari wapya kwa panga za mti na ngao za matete zenye uzito maradufu ya silaha halisi, ili siku ya vita mikono ione wepesi.

Na sahani za kujitengenezea nazo zina historia yake, ambayo mwenye ndoto ya kuandika riwaya hawezi kuipita hivihivi. Huko Australia palikuwa na jambazi Ned Kelly, mtoto wa masikini wa Kiayalandi, ambaye watu wake walimwona shujaa na serikali ikamwona muuaji. Yeye na wenzake watatu walichukua mabati mazito ya plau, ile sehemu inayopindua udongo, wakayafua kuwa sahani za kifuani na mgongoni, na kofia kama ndoo ya kufunika kichwa chote. Vazi la Kelly lilikuwa na uzito wa kilo 44 hivi. Mwezi Juni 1880, mahali paitwapo Glenrowan, aliwatokea polisi alfajiri katika ukungu akiwa ndani ya chuma hicho. Risasi zikawa zinagonga na kuanguka. Lakini miguu haikuwa na chuma. Wakampiga miguuni, akaanguka, na Novemba mwaka huohuo wakamnyonga Melbourne.

Miaka 25 baadaye, safari ya nusu siku kutoka hapa Lupiro, watu walitoka nao kwenda kukabili bunduki wakiwa na kinga waliyojitengenezea. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji, Wapogoro, Wambunga na wengine, waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Sahani hawakuwa nazo. Walikuwa na maji. Dawa iliyoanzia Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walikuwa wameshamnyonga mapema mwezi huohuo, ilikuwa ni maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, na mtu aliyepakwa au kunyunyiziwa aliaminiwa kwamba risasi haitamwingia. Ndani ya boma mlikuwa na bunduki za rashasha. Yaliyofuata tuliyasoma sote darasani.

Darasani kwetu sehemu hiyo ilisomwa kwa kicheko, na nadhani hata kwenu. Eti maji! Kicheko hicho sikipendi. Kinga ya Kelly ilikuwa na kilo 44 na bado ilimwacha miguu wazi. Yeye alikuwa na plau nyumbani, hawa walikuwa na visima na mtama. Kila mmoja alivaa alichokuwa nacho. Tena ile dawa ilifanya kazi ambayo chuma kisingeweza: iliwaunganisha watu wa lugha mbalimbali, kuanzia Matumbi hadi Ungoni, watu ambao muda mfupi nyuma walikuwa wakiibiana ng'ombe na wake. Hebu niambie ni sahani gani ya chuma iliyowahi kufanya hivyo.

Malipo yake yalikuwa mabaya. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaofikisha idadi ya waliokufa, kwa vita na njaa pamoja, hadi watu 300,000.

Hapo nyuma niliwaeleza mzigo uliopatanwa. Huo ulikufa rasmi mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza katika nchi hii ilikuwa vita ya miguu: barabara chache, na mbung'o wakiwamaliza farasi na punda. Kila risasi, kila kibaba cha unga, kila pipa la mizinga lilifika kwa kichwa cha mtu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo, Zanzibar na humuhumu Tanganyika kila walipoteka sehemu. Mzigo ulipangwa kuwa kama pauni 60, kilo 27. Ukiangalia harakaharaka utasema afadhali, umepungua kuliko frasila mbili za zamani! Ndipo unapoona kwamba uzito kwenye mizani si habari yote. Yule wa zamani alipatana, alikula, alilala kambi anazozijua, alirudi kwao na nguo. Huyu alikamatwa kijijini, akapewa unga usioiva vizuri, akatembezwa kwenye mvua na tope la bonde kama hili letu, akafa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa malaria. Magonjwa yaliwamaliza kuliko adui. Makadirio ya wapagazi wa Waingereza waliokufa yanafika kiasi cha 100,000. Wajerumani nao waliwabebesha watu wetu kwa maelfu, na hesabu ya hao ni ya kuokoteza.

Vita hiyo ilifika mlangoni kwetu. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani mpaka Oktoba 1917, ilipotekwa na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo. Jeshi hilo lilikuja na wapagazi wake. Mtu anayesimama leo kwenye njia panda ya Lupiro, pale barabara ya kutoka Ifakara inapogawanyika, moja kupanda Mahenge na nyingine kwenda Malinyi, anaweza kununua mahindi ya kuchoma na kusubiri gari bila hata kuhisi kwamba bonde hili lilikanyagwa na nyayo za namna hiyo. Hakuna bango. Dar es Salaam angalau kuna jina: Kariakoo, mahali walipokuwa na kambi yao baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Ni jina la kikosi cha wapagazi, likatafunwa na midomo yetu mpaka likawa la kwetu. Nairobi wana Kariokor yao. Mnapokwenda kununua jinzi za mtumba na viatu Kariakoo, mnapita juu ya kambi ya wabeba mizigo.

Na ile sanamu ya Posta, inayoitwa ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927? Aliyesimama juu ana bunduki. Nairobi kuna watu watatu na mmoja wao ni mpagazi, ila kwetu aliyepandishwa juu ni mwenye singe. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka 100 na zaidi! Mizigo ilipimwa kwa pauni, ikaandikwa, ikasainiwa. Waliokuwa chini yake ndio waliokosa karatasi.

Baada ya uhuru frasila na pauni zikaondoka, tukahamia kwenye kilo. Mngedhani mambo yamenyooka. Lakini njooni Lupiro wakati wa mavuno ya mpunga, Juni hivi, mwone. Bonde la Kilombero linalisha miji, wali mnaousifia huko mjini mwingi unatoka kwenye tope letu. Na mpunga unapotoka shambani hukutana na kitu kinachoitwa lumbesa. Gunia linajazwa, kisha juu yake linashonewa nyongeza, linavalishwa kilemba, mpaka linakuwa kama mama mjamzito aliyebeba mtungi. Mnunuzi analipa gunia moja. Kisheria mzigo wa mazao haupaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, kila msimu unapiga kelele. Lakini mkulima mwenye deni la trekta na ada za shule atasubiri sheria ifike? Nimeona hata ndoo ya plastiki iliyopashwa moto ikapanuliwa kiuno, inaitwa debe, na debe hilo lina tumbo kuliko madebe yote ya ukoo wake.

Halafu kuna anayelibeba. Mshikaji wangu mmoja, tulimaliza naye kidato cha nne, msimu wa mpunga ni kuli. Anapakia magunia kwenye malori, kwa gunia, si kwa kilo. Lumbesa na gunia la halali bei ya mgongo ni moja. Huyu ndiye aliyeleta wazo la fulana. Nilimwambia, wewe unashinda chini ya magunia, jioni unataka uzito wa nini tena? Akanijibu kwamba gunia linamvunja kwa sababu hajui linakuja la kilo ngapi. Anataka mgongo uzoee uzito anaoufahamu, uongezwe kidogokidogo. Jibu lake lilinifanya nimkumbuke mtoto wa Burton.

Basi tukatengeneza. Nawaeleza namna yake, maana najua wapo watakaotaka kujaribu.

Kwanza hesabu ya vitu. Chukua kiboksi cha sentimeta 30 kwa 25, kina cha sentimeta 2. Ujazo wake ni lita moja na nusu. Ukikijaza mchanga mkavu utapata kama kilo mbili na robo au mbili na nusu. Zege litakupa kama tatu na nusu. Chuma kitupu kitakaribia kilo 12. Ndiyo maana sahani za dukani ni za chuma: nyembamba lakini nzito. Kwa fundi wa kuchomelea bamba la milimita 6 la ukubwa huohuo lina kilo tatu na nusu, sawa na zege letu nene, ila bei yake ni nyingine kabisa. Risasi ya betri za gari ni nzito kuliko chuma, na kuna jamaa wanaiyeyusha kwa moto wa mkaa. Achaneni nayo, ni sumu, moshi wake unaingia kwenye damu na kwa watoto wadogo hauna tiba ya kurudisha akili. Mchanga ni rahisi, ila unahamahama mfukoni. Ukikimbia unashuka wote chini na kukuvuta mabega.

Tukachagua zege. Kiboksi cha mbao tulikipaka oili chafu ili zege lisigande humo. Saruji moja, mchanga wa mto mbili, chenga za kokoto kidogo, maji kwa uchache, maana zege la majimaji likikauka linavunjika kama biskuti. Katikati tulilaza kipande cha waya wa banda la kuku. Pembe tulizizungusha kwa kijiko, vinginevyo zinachoma mbavu. Kisha gunia bichi juu, na kulimwagia maji asubuhi na jioni siku saba. Hapo ndipo vijana wengi wanapokosa subira. Mwisho kila sahani ilivalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli na pikipiki, ukafungwa, usiingize chembe za zege kwenye jasho. Fulana yenyewe fundi cherehani aliishona kwa turubai la zamani, mikanda miwili mabegani na miwili ubavuni. Sahani tunaziita vyuma ingawa ni zege. Heshima tu.

Kilichobaki ni kupima. Mshikaji hakutaka kukisia, maana fulana yake yote ilihusu kujua. Mizani hatuna. Tukatumia ya wazee: mti ulionyooka, ukafungwa kamba katikati, ukaning'inizwa kwenye mwembe mpaka ukatulia sawasawa. Upande mmoja sahani, upande mwingine maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo halihitaji ofisi. Tulitumia chupa za maji za dukani zilizoandikwa ujazo, na chupa tupu tukazitundika upande wa sahani ili uzito wa plastiki ujifute. Tulimimina na kupunguza mpaka mti ukalala. Sahani zote tatu za kwanza zilikuwa kilo tatu na nusu, tofauti ya vijiko. Ya nne ilizidi kidogo. Tukaziandika kwa msumari kwenye zege lenyewe, kabla ya kuvalisha tyubu.

Sasa kuna mnunuzi mmoja wa mpunga, jina lake na mahali pake naviacha, ana mizani ya kuning'iniza yenye uso kama saa. Siku moja mshikaji alipita hapo na fulana akitoka mazoezini, akiwa na sahani tatu. Kwa utani akazitundika. Kilo kumi na nusu. Mshale ukasimama kwenye tisa na nusu.

Mnunuzi akasema, "Zege lenu hilo, kijana, linakauka linapungua." Watu wakacheka. Mshikaji hakubishana naye. Alikwenda kisimani, akarudi na ndoo na chupa ya lita moja. Akaitundika ndoo tupu, akasoma. Akamimina lita ishirini, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti, na watu waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakaanza kuhesabu naye. Ukitoa uzito wa ndoo, kilo 20 za maji zilisoma 18. Sahani zilikuwa zimeibiwa kilo moja katika kumi, maji kilo mbili katika ishirini. Kwa hiyo gunia la kilo 100 lilikuwa likiacha pale karibu kilo kumi za bure, mbali na kilemba. Mama mmoja aliyekuwa ameshalipwa alisimama, akaliangalia gunia lake lililokwisha pangwa na mengine, akauliza kwa upole, "Mwanangu, na langu lilikuwa kwenye hii hii?"

Mizani ikaingizwa ndani, ikasemwa kuwa imeharibika. Siku ya tatu ilitoka nyingine, yenye muhuri.

Nilitaka mshikaji afurahi, lakini yeye ana malalamiko yake. Tangu siku ile watu wanakuja kuazima. Mtu akitaka kuuza mpunga anatuma mtoto: shikamoo kaka, baba kasema tunaomba vile vyuma mara moja. Sahani mbili zilipelekwa Mavimba zikakaa wiki, moja ilirudi imemeguka pembe na ikabidi ipimwe upya na kuandikwa namba mpya. Mvua zikianza tutafyatua nyingine sita, saruji tumeshachangishana nusu mfuko. Kwa sasa mpunga bado unauzwa, na fulana yake inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mifuko yote mitupu.